Kuweka mikanda ya jipsamu mwenyewe: chumba cha mita 4 kwa 3.6, kona haziko skwea

mkaazi_fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nataka kuweka mikanda ya dari, ile wengine wanaita konisi, kwenye chumba cha kulala. Kazi nitaifanya mwenyewe, na ndugu yangu atanishikia upande wa pili. Nyumba ipo Fuoni. Kuta ni za matofali ya saruji, lipu ina miezi miwili na nusu, imepigwa mkono mmoja wa rangi ya maji. Dari ni jipsamu bodi juu ya fremu ya mbao, viungo vimeshazibwa na kupigwa msasa, rangi bado. Kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.85. Chumba ni mita 4.00 kwa 3.60.

Mikanda niliyoiona dukani ni ya jipsamu yenye nyuzi ndani, kipande mita 2.4, upana wa uso sentimita 10.

Ninayotaka kujua: ninunue vipande vingapi? Nishikizie kwa nini, unga wa jipsamu peke yake au pamoja na skrubu? Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, yanafaa kuchanganyia? Na kubwa zaidi ni kona. Nimepima sentimita 60 ukuta mmoja na 80 ukuta wa pili, halafu nikapima mshazari baina ya alama hizo mbili, kwa sentimita. Kona mbili zinazotazamana zinasoma 102, mbili nyengine 98. Nina msumeno wa mkono wenye meno madogo na sanduku la mbao la kukatia pembe, upana wa ndani sentimita 10, lina nafasi za digrii 45 tu.

Tafadhalini nielekezeni kwa vipimo.

---

fundi_mwera

Wa alaykumu salaam. Nianze na hesabu, maana hapo ndipo mtu hununua pungufu, akirudi dukani anakuta mzigo mwengine umetoka kwenye kalibu nyengine na mapambo hayakutani.

Mzunguko wako ni mita 15.2. Ukigawa kwa 2.4 unapata 6 na kitu, lakini usinunue kwa kugawa, nunua kwa kupanga ukuta kwa ukuta. Ukuta wa mita 4 unakula kipande kizima na mita 1.6. Kuta mbili za namna hiyo ni vipande 4, unabakiwa na mabaki mawili ya sentimita 80. Ukuta wa 3.6 unakula kipande kizima na mita 1.2, na hizo mita 1.2 mbili zinatoka kwenye kipande kimoja: ncha ya kushoto ikate pembe ya kona ya kushoto, ncha ya kulia pembe ya kona ya kulia, kisha kigawe katikati kwa mkato ulionyooka. Hapo ni vipande 3. Jumla 7, nunua 8. Mabaki ya sentimita 80 usiyatupe, ndiyo ya kujaribia kona.

Dukani vichague mwenyewe. Viunganishe viwili ncha kwa ncha juu ya kitu kilichonyooka, ukipitisha kidole kwenye kiungo usisikie ngazi. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kikavu kinalia, kibichi kinatoa sauti iliyokufa. Kibichi ukikilaza juu ya matofali mawili usiku mmoja asubuhi kimeshapinda, na kikikauka hivyo hakinyooki tena. Nyumbani vilaze sakafuni juu ya mbao tatu au nne, si kuviegemeza ukutani.

Lipu ya miezi miwili na nusu imeshapita siku 28, umri wake hauna tatizo. Kinachotakiwa ni ukavu. Kama kuna mahali rangi imebabuka au pana unga mweupe wa chumvi karibu na dari, maji yanaingia kutoka juu, na mara nyingi ni tundu la msumari wa bati. Ziba kwanza, ngoja pakauke. Jipsamu inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji. Tena jipsamu ikikaa na saruji mahali penye unyevu, vitu viwili hivyo hujenga chumvi inayovimba na kusukuma, mkanda ukaachia ukuta. Kwa sababu hiyo hiyo msichanganye saruji na unga wa jipsamu eti upate nguvu. Unaganda upesi kupita kiasi, halafu unyevu wa masika ukiingia unapasuka.

Rangi ya ukutani ndiyo itakayokuangusha ukiidharau. Unga wa jipsamu unashika kwa kunyonywa na lipu, na rangi hainyonyi. Chora mstari wa chini wa mkanda (nakueleza sasa hivi), kisha juu ya mstari huo kwaruza rangi kwa ncha ya skrepa au kisu kigumu, mistari ya kupishana, kila sentimita 3, mpaka uone lipu. Futa vumbi kwa brashi. Paka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, usiku kabla ya kazi. Darini huna haja ya kukwaruza, karatasi ya bodi isiyopakwa rangi inashika vizuri. Vumbi la msasa tu lifutwe.

Mstari: mkanda wa uso wa sentimita 10 ukikaa digrii 45 unashuka ukutani kama sentimita 7 na kutoka darini kama sentimita 7. Usiandike hizo 7 kwa kuniamini. Weka baki ndani ya skwea ya chuma, migongo yake miwili ikae bapa kwenye chuma, usome pande zote mbili. Kila kalibu ina vipimo vyake. Hicho kipimo cha kushuka kitie alama kwenye kila kona na katikati ya kila ukuta, kisha piga uzi. Tumia unga wa chaki nyeupe au chora kwa penseli. Chaki nyekundu hupenya rangi nyeupe hata mikono mitatu.

Chini ya mstari huo pigilia misumari ya zege ya inchi moja na nusu, nusu iingie nusu ibaki nje, kila sentimita 60. Haipiti kwenye mkanda, inaubeba tu mpaka unga ushike. Ukuta wa mita 4 unataka misumari 7 au 8. Kazi hii bila misumari ina maana watu wawili wasimame mikono juu dakika ishirini, na mkono ukichoka mkanda unashuka milimita mbili usizoziona mpaka siku ya rangi.

Sasa unga na maji. Maji ya chumvi hayafai. Chumvi inaharakisha kuganda, unga unakufia ndooni kabla hujapanda ngazi. Halafu inabaki ndani ya jipsamu na kuvuta unyevu wa hewa, rangi inatoka madoa na mapovu. Chukua maji ya mfereji au ya mvua, unahitaji ndoo mbili tu kwa chumba chote.

Changanya kwa kipande kimoja tu kila mara: nusu lita ya maji kwanza, kisha unga kama lita moja, ukiunyunyiza juu ya maji kwa mkono mpaka vibaki visiwa vikavu juu. Uache dakika moja unywe, ndipo ukoroge taratibu. Ukimwaga unga wote kwa mkupuo unapata madonge. Uzito wake uwe wa kukaa juu ya mwiko uliopinduliwa bila kudondoka. Kabla ya kazi jaribu kikombe kimoja na saa mkononi, kwa sababu unga wa mfuko huu na wa mfuko ule haugandi kwa muda mmoja. Ukianza kupata joto kwenye kikombe, umeshamaliza muda wake. Usiongeze maji ukaukoroga tena, hautashika kitu. Na kila mara osha ndoo mpaka iwe safi kabisa. Punje za mchanganyiko wa zamani zinaufanya mpya ugande mara mbili kwa haraka, na wengi hapo husema unga ni mbovu.

Paka ukanda mmoja kwenye mgongo wa ukutani na mmoja kwenye mgongo wa darini, unene sentimita moja, na nyanyua mkanda wawili kwa pamoja. Kaza kwa kuusogeza kidogo kushoto na kulia mpaka unga utoke kwenye kingo zote mbili urefu mzima. Mahali usipotoka pana uwazi, na uwazi huo ndio ufa wa baadaye. Uliotoka ukwangue hapo hapo, pitisha brashi yenye maji.

Skrubu: ndiyo, ongeza, kwa sababu fremu yako ni ya mbao na inacheza. Nne kwa kipande kizima, kwenye ukingo wa juu, ziingie kwenye mbao za fremu na si kwenye bodi peke yake. Toboa kwanza tundu dogo kwa drili, kichwa kizame milimita mbili, usikaze kwa nguvu. Ziwe za zinki au stenlesi. Saruji huilinda chuma isishike kutu, jipsamu haina ulinzi huo, na kwa hewa yetu ya bahari kichwa cha skrubu cheusi kinatoa doa la kahawia kupitia rangi.

Viungo vya kati usivigonganishe, acha milimita 3. Kwa nyuma weka donge la unga lenye nyuzi za katani, kwa mbele jaza mpaka uvuke uso kidogo, na unapofikia ugumu wa halua iliyopoa kwangua kwa bapa la chuma lililonyooka ukifuata umbo la mkanda. Ukingoja ugande kabisa utakuwa unachonga jiwe, na msasa utakula mkanda wenyewe kabla ya kiungo.

Unga uliobaki usiumwage kwenye sinki wala chooni, utagandia ndani ya bomba. Na usitie mkono wote ndani ya ndoo ukauacha humo, joto la kuganda linaunguza.

Kona namwachia anayezijua zaidi, ila sanduku lako la 45 halitakutosha.

---

ukhti_skwea

Kaka mkaazi_fuoni, umepima vizuri, na umetupa jibu nusu. Sentimita 60 na 80 zikitoa 100 kamili kona ni digrii 90. Ikisoma 102 kona imefunguka mpaka digrii 92 na nusu hivi. Ikisoma 98 imejifunga mpaka digrii 87 na nusu. Mbili zilizofunguka zinatazamana, mbili zilizojifunga zinatazamana, na kuta zako zinalingana urefu: chumba kizima kimeegemea upande mmoja tangu msingi. Si kosa la lipu, usianze kuchonga kona.

Ukikata zote kwa 45, kwenye kona za 102 vipande vitagusana ukutani na kuacha mwanya wa milimita 4 upande wa darini. Kwenye kona za 98 vitagusana upande wa darini na kuacha mwanya kama huo kwenye kona ya ukuta. Milimita 4 inajazika, lakini mapambo ya mkanda hayatakutana, na jicho la mtu aliyelala kitandani linatazama hapo hapo.

Njia ninayoiamini haina digrii ndani yake. Chukua lile baki la sentimita 80, liweke mahali pake kwenye ukuta wa kwanza, ncha igonge kona, na kwa penseli kali chora darini ukifuata ukingo wake wa juu. Hamia ukuta wa pili, fanya hivyo hivyo. Mistari miwili inakatana darini kama sentimita 7 kutoka kila ukuta. Sasa vuta mstari kutoka kwenye kona yenyewe ya kuta mpaka pale ilipokatana. Huo ndio mkato wako, kona iwe imefunguka, imejifunga au imepinda. Ukingo wa ukutani unafika konani kabisa, ukingo wa darini unaishia kwenye ile nukta. Kila mkanda unaokuja hapo unachukua alama mbili hizo.

Kuihamisha kwenye sanduku: funga vipande viwili vya mbao nyembamba kwa skrubu moja vicheze kama mkasi, kimoja kilaze kufuata ukuta, kingine kufuata ule mstari wa mkato uliouchora darini, kaza skrubu. Kwa huo mkasi chora sanduku lako na ukate nafasi mpya. Kwa kuwa ni la mbao, nafasi mbili zaidi haziliharibu. Ukitaka kuhakiki kwa futi ya kupimia: kwenye upana wa sentimita 10, mkato wa digrii 45 unasogea sentimita 10 kwa urefu wa sanduku. Kwa kona zako za 102 usogee 9.6, kwa zile za 98 usogee 10.4. Tofauti ni milimita 4 tu, kwa hiyo penseli iwe imechongwa. Kila nafasi uifanyie na mwenzake wa upande wa pili, kwa sababu kila kona ina mkato wa kushoto na wa kulia.

Ndani ya sanduku mkanda unakaa kichwa chini: ukingo wa darini unalala kwenye sakafu ya sanduku, ukingo wa ukutani unaegemea ubavu. Hili ndilo linalowachanganya watu wengi kuliko digrii. Pigilia kijiti sakafuni mwa sanduku ili ukingo wa darini usiteleze mbele, kwa sababu ukiteleza milimita 3 pembe yote imebadilika hata kama nafasi ya msumeno ni sahihi. Uso uliopambwa utazame juu, msumeno wa mkono unakata ukisukumwa na kuvunja unakotokea, basi uvunjike mgongoni.

Kanuni ya kukumbuka ukiwa na msumeno mkononi: kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndio mrefu. Kona ya nje, kama ya nguzo iliyotokeza, ukingo wa darini ndio mrefu. Kabla ya kugusa kipande kizima, kata yale mabaki mawili, moja liandike "kushoto" na moja "kulia", uyapeleke juu uyaone yanavyokutana. Ukiridhika ndiyo yatakuwa mfano wako: kila kipande kilaze kando ya mfano wake kabla ya kukata. Kwako unahitaji jozi mbili, ya 102 na ya 98.

Anza na ukuta unaotazamana na mlango. Kipande kizima kianzie kwenye kona, kiungo cha kati kiangukie mbali na dirisha, kwa sababu mwanga wa dirishani unaopita sambamba na ukuta unaonyesha kila kiungo. Malizia juu ya mlango.

---

seremala_wete

Salaam kutoka Pemba. Niongeze kwa wanaofikiria mikanda ya aina nyengine, na kwa wa huku tunaoagiza Unguja.

Mkanda wa mbao unataka kona isiyo ya pembe mbili. Kipande cha kwanza kinakatwa bapa na kugonga ukuta. Cha pili kinakatwa pembe 45 kwanza, kisha unafuata ule mstari wa umbo uliojitokeza usoni kwa msumeno wa uzi, ukilaza msumeno nyuma digrii tano au zaidi ili ukingo wa mbele tu ndio uguse mwenzake. Mbao inavimba masika na kunywea kaskazi, mkato wa pembe mbili unafunguka na kujifunga kila mwaka, huu unateleza tu pasionekane. Viungo vya kati vikatwe kwa mlalo wa 45 vipandane. Mbao zikae ndani ya chumba chenyewe wiki mbili kabla ya kazi. Ile ya unga wa mbao iliyoshindiliwa isiwekwe karibu na bahari wala jikoni, ikinywa unyevu inavimba na hairudi.

Na mbao zipigiliwe ukutani tu, ukingo wa darini ujazwe silanti ya akriliki, ile gundi laini ya kuzibia nyufa. Silikoni haipokei rangi.

Ya povu ni nyepesi, inakatika kwa kisu, mtu mmoja anaweza kazi yote. Lakini gundi yenye tina (kiyeyushi cha rangi) na rangi ya mafuta zinaiyeyusha, basi gundi iwe ya maji na rangi iwe ya maji. Na isikae karibu na balbu za moto wala juu ya jiko.

Kwa wanaosafirisha jipsamu kwa meli mpaka Mkoani: vipande vifungwe viwili viwili uso kwa uso, karatasi katikati, kisha bunda zima lifungwe kwenye ubao wa urefu wake kwa kamba mahali patatu. Visimame kwa ubavu, visilale bapa chini ya mizigo ya watu. Funika kwa nailoni dhidi ya maji ya bahari, na ukifika ifungue siku hiyo hiyo, ndani yake vinatoka jasho. Hesabu ya fundi_mwera ikikupa 8, agiza 10. Kipande kimoja kikivunjika huku hakuna kurudi dukani kwa bodaboda.

---

mwana_shangani

Na nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, dari ya boriti na kuta za mawe na chokaa? Chumba upana wake hata mita 3 hakifiki.

---

chokaa_na_boriti

Mwana_shangani, kwanza kibali. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo ya majengo yake yanapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nenda na picha za chumba kabla ya kununua chochote.

Pili, ukweli ni kwamba mkanda wa jipsamu hauna pa kukaa hapo. Boriti zinapita na baina yake pana mabonde, ukingo wa juu utagusa boriti na kuning'inia baina yake. Mtu atakushauri utundike dari ya bodi chini yake. Ukifanya hivyo umeziba boriti zisipate hewa, na mchwa au uvujaji hutauona mpaka siku boriti inakatika. Ziache wazi.

Ukuta wa mawe na chokaa unavuta na kutoa unyevu mchana na usiku, na chumvi inasafiri nao. Jipsamu ikiwekwa juu yake inakula chumvi hiyo mpaka inakuwa laini kama jibini.

Ukitaka pambo la juu ya ukuta, livutwe kwa chokaa yenyewe. Kata umbo kwenye kipande cha bati, lipigilie kwenye ubao, ubao uwe na mguu unaoteleza juu ya papi (ubao mwembamba mrefu) ulioupigilia ukutani kwa pima maji. Chokaa iliyolowekwa na mchanga laini, sehemu moja kwa mbili na nusu, inapakwa matabaka membamba yasiyozidi sentimita moja, na bati linavutwa upande mmoja tu, halirudi kinyume. Kila tabaka lishike kabla ya linalofuata, na lilowanishwe kwa maji matamu kwa siku kadhaa lisikauke kwa upepo. Tabaka la mwisho ni chokaa iliyochujwa bila mchanga, au mchanga kidogo mno. Kona bati haliifikii, zinachongwa kwa mkono. Inachukua siku nyingi kuliko kubandika, lakini inapumua pamoja na ukuta na inapatana na vidaka kama nyumba yako inavyo.

---

mkaazi_fuoni

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Nimefanya ile ya kuchora darini, mistari imekatana vizuri kona zote nne na sanduku nimeshalikata nafasi mpya.

Mawili yamebaki. Nimepiga uzi wa dari kwenye ukuta mmoja wa mita 4, katikati dari limenyanyuka milimita 9 kuliko kwenye kona. Nifuate dari au nifuate uzi? Na kuna AC, juu yake hadi darini ni sentimita 5 tu.

---

fundi_mwera

Fuata uzi, lakini uunyanyue kidogo. Ukingo wa chini wa mkanda ndio jicho linausoma, huo unyooke kona hadi kona. Mwanya wa juu wa milimita 9 katikati ni mkubwa kujazwa kwa mara moja, unga mzito namna hiyo unaweza kuacha ufa mwembamba. Mkanda wa jipsamu haupindi, ila una kiungo cha kati: kipandishe kiungo hicho milimita 4, kona zibaki pale pale. Mstari ulionyanyuka milimita 4 ndani ya mita 4 hauonekani. Kiungo chako hakiko katikati barabara, kiko mita 1.6 kutoka kona moja, lakini mwanya mkubwa utashuka mpaka milimita 5 au 6. Jaza nusu kwa unga wenye katani siku ya kwanza, nusu ya pili kesho yake. Mwanya chini ya milimita 3 uzibe kwa silanti ya akriliki, inafuata fremu inapocheza.

AC ishushwe. Sentimita 5 mkanda wa kushuka 7 hauingii. Na hata ungeingia, mashine hizo huvuta hewa kwa juu, nyingi zinataka sentimita 10 hadi 15 za wazi, na kwako zihesabiwe kutoka chini ya mkanda, si kutoka darini. Soma kijitabu chake. Fundi wa AC aishushe kabla hujapaka gundi ukutani, ili tundu la zamani la bomba uzibe na ukauke kwanza. Bomba la kutolea maji liwe na mteremko mpya, likirudi nyuma litadondosha maji nyuma ya mashine. Usikate mkanda ukaupitisha pembeni mwa AC, ncha zilizo wazi zitapigwa na jasho la baridi na kuota ukungu.

---

ukhti_skwea

Kwa vile unapandisha kiungo cha kati, kile cha mita 1.6 kitakaa kimeinama kidogo. Acha mwanya wa kiungo milimita 4 badala ya 3 ndipo uso ulingane bila kukata upya. Kona usizibadilishe.

Rangi: mkanda mbichi ni wa kijivu, ukikauka unakuwa mweupe kote. Kaskazi wiki moja, masika hesabu mbili. Mkono wa kwanza ongeza maji kidogo kwenye rangi ili unyonywe, kisha mikono miwili ya kawaida. Pale penye vichwa vya skrubu gusa kwa praima ya kuzuia madoa kabla ya mkono wa kwanza.